Karata ni Siri, Mapatano Si Siri

Kuna jibu moja linalosikika kote jijini Nairobi, sokoni, kwenye vituo vya matatu na hata katika mikutano ya vyama vya kuchangishana pesa. Jibu lenyewe ni neno moja: "Hukuuliza." Mwenye nyumba anayemtoza mpangaji mpya ada ambayo haikutajwa siku ya kukabidhiana ufunguo hulitumia neno hili. Dalali wa ploti hulitumia. Lakini hakuna wanaolitumia kwa raha kama wacheza karata, na hao ndio ninaotaka kuwazungumzia leo.

Msomaji asiharakishe kuguna kwamba karata ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Katika mitaa kama Kibera na Kawangware, meza ya karata ni mojawapo ya mahali pachache ambapo watu wa makabila mbalimbali huketi goti kwa goti bila mwanasiasa kuwaita. Linaloharibika hapo haliishii hapo.

Suala lenyewe ni hili. Katika michezo ya wawili dhidi ya wawili, wenza hawaruhusiwi kuonyeshana karata. Hata hivyo, hapana wenza waliozoeana ambao hawana mapatano. Mmoja akianza na karata ndogo, mwenzake anajua ana maana gani. Akitaja neno fulani, mwenzake anajua anaomba nini. Je, wapinzani wao wana haki ya kuyajua mapatano hayo? Na kama wanayo, ni juu ya nani kusema: yule anayejua, au yule ambaye hajui hata kwamba kuna la kuulizia?

Kwanza niwaondoe njiani wale ambao hawahusiki. Wakazi wa Nairobi wanaijua pata potea. Mchezeshaji hushika karata tatu, huzizungusha juu ya ubao au gazeti kuukuu, na mpita njia hutakiwa kubashiri iliko karata moja. Yule bwana anayeshinda noti mbele ya macho ya mgeni si mchezaji hata kidogo; ni mshirika wa mchezeshaji, na kushinda kwake ndiyo chambo. Yule mama anayemnong'oneza mgeni, "Weka, nimeiona," naye ni mshirika. Hapo hakuna mchezo. Pana wizi, na wizi ni kazi ya polisi. Nimeutaja kwa sababu unaonyesha waziwazi kitu ambacho katika michezo ya halali hujificha: anayeshindwa hakushindwa na karata, ameshindwa na mapatano ambayo watu wengine wote wanayajua isipokuwa yeye.

Nitokako mimi kwenda kwenye michezo ya halali ni kwa karata ya wahedi na sitini, inayojulikana sana Pwani. Majina ya karata zetu, uru, kopa, shupaza na pau, pamoja na neno turufu, tuliyarithi kutoka kwa Wareno, waliofika pwani hii mwishoni mwa karne ya 15 na kuacha nyuma ngome, mizinga na karata. Hata hesabu ya mchezo imehifadhiwa katika majina ya Kiswahili cha zamani: mfalme huitwa mzungu wa nne kwa kuwa hubeba pointi 4, ghulamu ni mzungu wa tatu kwa pointi zake 3, na bibi ni mzungu wa pili. Ree hubeba 11 na saba hubeba 10. Jumlisha, utapata 30 kwa kila aina na 120 kwa aina zote nne. Anayefikisha 61 amekwisha kupita nusu, na ndiyo sababu ya jina wahedi na sitini.

Mchezo huu niliukuta Kawangware, nyuma ya kibanda cha kinyozi, si mbali na kituo cha 56. Ulikuwa umeletwa na mzee mmoja fundi cherehani, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa subira ya ajabu aliwafundisha vijana waliozoea kadi za kwao za mtaani. Jumamosi moja walikuja wageni wawili kutoka Laini Saba, Kibera, mafundi wa ujenzi, watu wa makamo wenye adabu. Walikuwa wametembea kwa miguu, wakaivuka Ngong Road, wakaja kucheza. Wenyeji walioketi dhidi yao walikuwa vijana wawili, mmoja wao msukuma mkokoteni sokoni. Dau lilikuwa shilingi mia mbili kwa kila mchezo. (Mimi si mshabiki wa dau, na nililisema hilo pale pale, niliambiwa ninywe chai yangu.)

Wageni walishinda mchezo wa kwanza, wakashinda wa pili, wakashinda wa tatu. Hapana ajabu. Ila kila mara kabla ya mmoja wao kutupa karata ya kuanza, mwenzake alikuwa na kineno. Mara alisema, "Haya mzee." Mara alisema, "Haya bwana." Ni maneno ambayo mtu yeyote hutamka mara mia kwa siku bila kuyafikiria. Katika mchezo wa nne yule kijana wa mkokoteni aliweka karata zake kifudifudi juu ya benchi akauliza, "Samahani wazee wangu, hii 'haya bwana' yenu ina maana gani?"

"Ni Kiswahili tu, ndugu," akajibiwa.

"Kiswahili nakijua. Nataka nijue chenu."

Mchezo ulimalizika, wageni wakashinda tena, na shilingi mia nane zikawa zimekwenda. Kwa msukuma mkokoteni hiyo ni siku nzima ya mgongo na kifua. Hapo ndipo zogo lilipozuka, na yule fundi cherehani akatoka kibandani kwake na futi yake ya kupimia shingoni. Alipoelezwa, hakupandwa na hasira. Aliwauliza wageni moja kwa moja iwapo maneno yale mawili yalikuwa na maana tofauti. Wakakubali, tena bila aibu: la kwanza lilimaanisha "nina turufu kubwa, anza na turufu", na la pili lilimaanisha "sina, jiokoe".

"Wanangu," mzee akasema, "kuitana mezani sikukukataza. Karata zenu ni siri yenu, hata mimi sitaki kuziona. Lakini neno likishatoka mdomoni hapa, maana yake ni ya watu wanne."

"Mzee, hawakuuliza," mmoja wa wageni akajitetea.

"Wangeulizaje jambo wasilojua kwamba lipo?"

Wageni walirudisha shilingi mia mbili za mchezo wa mwisho, kwa kuwa huo ndio uliochezwa baada ya swali kuulizwa na kukwepwa. Zile mia sita waliondoka nazo. Na hapa ndipo penye uchungu wa jambo hili. Kwa majuma kadhaa baadaye sikusikia pale kibandani mtu akisema, "Wale mafundi wawili." Nilisikia, "Watu wa Kibera." Na kisha, kwa sauti ya chini, nikasikia jina la kabila. Mitaa hii miwili iliuona moto mwanzoni mwa 2008, na Kawangware ikauona tena mwezi wa Oktoba 2017. Hakuna nyumba iliyochomwa kwa sababu ya karata, wala sitadai hivyo. Nasema tu kwamba mtu aliyeambiwa "hukuuliza" mara nyingi huanza kuamini kwamba kila wawili wanaozungumza mbele yake wana maana ya pili.

Nilimsimulia kisa hiki rafiki yangu mmoja, mchezaji hodari wa drafti, naye akanipinga vikali. Hoja yake haifai kupuuzwa. Alisema kwamba ufundi ni mali. Fundi anayejua kupiga plasta laini hamwiti mshindani wake aje kutazama mkono wake. Mtu maskini, alisema, hana shamba wala hisa. Ana akili yake tu, na wewe unamtaka aigawe bure kwa mpinzani kabla ya pambano.

Ningekubaliana naye kama ningekuwa nimeombwa kumfundisha mpinzani kucheza. Lakini hilo silo ninalodaiwa. Sidaiwi nimwambie nina karata gani, wala nimwonyeshe jinsi ya kunishinda, wala nimfichulie nilivyofikiri. Ninadaiwa kumweleza kitu kimoja tu: tamko hili nililolitoa mbele yako, kwa mwenzangu lina maana gani. Wale mafundi wa Laini Saba wangeweza kuwa wachezaji bora kuliko vijana wetu hata baada ya kueleza kila kitu. Pengine walikuwa. Sasa hakuna atakayejua, na hiyo ni hasara yao pia, kwani ushindi walioupata hauwezi kusimuliwa popote pasipo mtu kukohoa.

Mchezo uliofikiria jambo hili kwa kina kuliko michezo yote ninayoijua ni briji. Sijauona ukichezwa Kibera wala Kawangware; ni mchezo wa vilabu na wa watu wenye alasiri ndefu. Lakini hekima haina mtaa, na inafaa tuitazame kwa makini sheria yao.

Katika briji kila mchezaji hupewa karata 13. Kabla ya kucheza pana mnada: wachezaji hutamka kwa zamu, kila upande ukiahidi idadi ya mizunguko utakayoila na turufu itakayotumika. Sura hii ya mchezo ilitungwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925. Ajabu ya mnada ule ni ufinyu wa lugha yake. Yapo matamko 38 tu ambayo mchezaji anaruhusiwa kuyatoa, basi. Kwa maneno hayo 38 anatakiwa kumweleza mwenzake karata 13. Ndiyo maana wenza huyapa maneno hayo maana za kupanga. Mmoja akifungua kwa "moja bila turufu" na mwenzake akajibu "pau mbili", mara nyingi yule wa pili hana habari na pau hata kidogo. Anauliza, "Je, unazo kopa nne, au shupaza nne?" Mapatano hayo yamejulikana kwa jina la Samuel Stayman, aliyeyaandikia makala mwaka 1945.

Sasa mpinzani mgeni anaposikia "pau mbili" ataelewa nini? Ataelewa pau mbili! Sawasawa na yule kijana wa mkokoteni aliyesikia "haya bwana" na akaelewa haya bwana.

Sheria ya briji imeweka mambo ambayo nadhani yangemfurahisha fundi wetu cherehani. La kwanza, mapatano ya siri ni marufuku. Wenza wanaruhusiwa kupatana karibu lolote, lakini haliwi lao peke yao. Katika mashindano, wenza huwa na kadi ya mapatano, karatasi iliyoandikwa wanachokichezea, na mpinzani huweza kuisoma. Pia kuna utaratibu wa kutahadharisha: tamko likiwa na maana isiyo ya kawaida, mwenza wa aliyelitoa hana budi kuashiria waziwazi kwamba hapo pana jambo. Utaratibu huo unajibu swali la mzee wetu. Asiyejua kwamba kuna la kuuliza hutahadharishwa, ndipo aulize.

Tena sheria haiangalii yale tu yaliyoketiwa na kupangwa. Mapatano yanaweza kuwa ya kusemwa, na yanaweza pia kuzaliwa na mazoea. Wawili waliocheza pamoja miaka kumi, ambao kila mmoja anajua mwenzake hutia chumvi akiwa na karata mbaya, hawawezi kujificha nyuma ya maneno "hatujawahi kuzungumza". Kama unajua kwa uzoefu, unadaiwa kusema kwa uzoefu.

Hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu ndipo panapong'ata. Ni nani anayetoa maelezo? Si yule aliyetamka. Anayeeleza ni mwenza wake. Sababu yake ni ya werevu mkubwa: kama aliyetamka angejieleza mwenyewe, maelezo yake yangekuwa ni karata ya kumi na nne. Mwenza wake angesikia na kufahamu hata alichokuwa amekisahau. Kwa hiyo mwenza hueleza kile walichopatana, naye aliyetamka huketi kimya uso mkavu. Na je, mwenza akikosea? Tuseme anasema, "Tamko hili lina maana ya kopa," ilhali mapatano yao ni shupaza. Aliyetamka hapaswi kukunja uso, wala kuguna, wala kubadili mwendo wake kwa kile alichokisikia. Hana budi kuendelea kana kwamba masikio yake yalizibwa. Lakini kosa hilo haliachwi liozee mezani. Kama upande wao ndio uliopata mnada, yeye mwenyewe hulisahihisha mnada ukiisha, kabla karata ya kwanza haijatupwa. Kama ni upande wa kulinda, husubiri mpaka mchezo wa mkono huo uishe, kwani kusahihisha mapema kungemfaidi mwenzake. Kisha huitwa msimamizi, naye akiona wapinzani wameumia kwa maelezo potofu, ana mamlaka ya kurekebisha matokeo.

Angalia vizuri: sheria haikuuliza kama kulikuwa na nia mbaya. Aliyeumizwa hatakiwi kumwita mwenzake mwongo ndipo apate haki yake. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa. Pale Kawangware kijana hakuwa na njia ya kudai shilingi zake mia sita isipokuwa kwa kuwaita wageni wezi, na mtu mzima akiitwa mwizi mbele ya watu hawezi tena kurudisha hata angependa.

Tena wasimamizi wa briji hawaridhiki na jina tupu. Mgeni akiuliza na ukamjibu, "Ni Stayman," hujamwambia kitu, umemtupia jiwe la pili. Eleza maana. Naona hapo watu wengi wa mjini wanashtakiwa, kutia ndani wanasheria wetu na wale wanaotusomea mikataba ya mikopo.

Isidhaniwe kwamba wachezaji wa briji ni malaika. Mwaka 1965, katika mashindano ya dunia kule Buenos Aires, Waingereza wawili mashuhuri, Terence Reese na Boris Schapiro, walishtakiwa kwamba walikuwa wakiambiana idadi ya kopa kwa jinsi walivyozishika karata kwa vidole. Shirikisho la dunia liliwaona na hatia; uchunguzi uliofanywa kwao Uingereza ukamalizika mwaka 1966 kwa kuona kwamba mashtaka hayakuthibitishwa vya kutosha, na mabishano juu ya kesi ile yaliendelea kwa miongo. Mwaka 1975 kule Bermuda viliwekwa viambaza vya kukata meza mshazari ili wenza wasionane nyuso. Basi Waitaliano wawili, Facchini na Zucchelli, wakaonekana wakigusana kwa miguu chini ya meza! Walipewa karipio kali, na vijimeza vikawekwa chini kuzuia miguu. Italia iliendelea kucheza na ikatwaa kombe.

Visa hivi husisimua watu kwa sababu ya vidole na miguu. Lakini ukivitafakari, ubaya wa mguu si mguu. Ubaya wake ni kwamba wawili wana lugha ambayo wapinzani hawaijui. Tamko linalotolewa kwa sauti kubwa mbele ya wote, ambalo maana yake inajulikana na wawili tu, lina tofauti gani na mguu ule? Mimi siioni. Pengine mguu una heri, kwani mwenye mguu anajua kwamba anaiba.

Nirudi Kibera. Katika kijiji cha Makina, penye wazee wa Kinubi, niliwahi kutazama karata zikichezwa na watu wa lugha nne. Wenza wawili walianza kuzungumza Kinubi baina yao, kwa nia njema kabisa nadhani. Walikuwa wakizungumzia maziko ya jamaa. Mzee mwenye nyumba akagonga meza: "Karatani Kiswahili!" Mmoja akalalamika kwamba hawakuwa wakizungumzia mchezo. Mzee hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba hao wawili wengine hawana njia ya kujua.

Pengine ni haki kwamba nilisikia hilo kwa Wanubi. Jamii hiyo inayajua vizuri mapatano yenye maana mbili. Askari wao waliotumikia jeshi la Waingereza walianza kukalishwa Kibra mapema katika karne ya 20, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi. Wao walifahamu kwamba ni shukrani kwa utumishi wao, ardhi yao na ya watoto wao. Serikali ya kikoloni ilikuwa na ufahamu wake: kwamba hao ni watu walioruhusiwa kukaa kwa hisani tu. Hati ya kumiliki ardhi, ya ekari 288, walikabidhiwa mwaka 2017. Sitaki kuivuta karata mpaka huko kwa nguvu. Nasema tu kwamba mzee yule aligonga meza kama mtu aliyewahi kulisikia jambo hilo nyumbani.

Nimeulizwa: haya yote yatafanyikaje kwenye benchi la Kawangware, pasipo msimamizi, karatasi wala viambaza? Jibu ni kwamba nusu yake inafanyika tayari. Tazama vijana wanavyocheza kadi za mtaani, zile wanazoziita poka. Mbili na tatu huokotesha, ghulamu huruka, mfalme hurudisha zamu nyuma, nane na bibi huuliza swali. Anayekaribia kumaliza lazima atangaze, "Niko kadi!" Akinyamaza hamalizi. Hakuna anayemwambia mpinzani, "Hukuuliza nimebakiwa na ngapi." Sheria imemweka mwenye habari katika wajibu wa kuitoa. Na kwa kuwa kanuni nyingine hutofautiana mtaa kwa mtaa, kwa mfano iwapo ree inazuia ile mbili, wachezaji wenye busara huulizana kabla ya kugawa: "Hapa kwenu ree inazuia?" Dakika moja, basi.

Fundi cherehani ameiongeza dakika hiyo kwenye wahedi na sitini. Wenza wakiketi, kabla ya karata ya kwanza kila upande hutaja maneno na ishara zake zote, na asiye na yoyote husema, "Hatuna." Likitokea neno lisilotajwa, mkono huo hauhesabiwi, bila ya mtu kuitwa mwizi. Mwanzoni vijana walilalamika kwamba mchezo utapoteza ladha. Haukupoteza. Wanaotumia ishara wameanza kuchanganya za kweli na za kuhadaa, na hilo linaruhusiwa, maadamu hata mwenza naye anaweza kuhadaika. Wapinzani sasa husikiliza kwa makini, na kelele zimezidi.

Wageni wa Laini Saba walialikwa tena, kupitia kwa jamaa ya mmoja wao anayefanya kazi Gatina. Walikuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Walitaja "haya mzee" yao na "haya bwana" yao kwa sauti, watu wakacheka, kisha wakaketi. Walishinda michezo miwili na kushindwa mitatu.

Limebaki jambo moja ambalo mzee hajalitolea hukumu. Wapo ndugu wawili wa baba mmoja mama mmoja, waliolala kitanda kimoja mpaka walipooa. Kabla ya mchezo husema, "Hatuna," na mimi naamini hawajapanga lolote. Lakini mdogo akivuta pumzi, mkubwa anajua. Wapinzani wamelalamika, na ndugu hao wameuliza, kwa haki kabisa, wataelezaje kitu ambacho wao wenyewe hawawezi kukitaja kwa maneno. Sheria ya briji ingewataka wajaribu. Mzee amesema atalifikiria. Kwa sasa amewaketisha upande mmoja mmoja, kila ndugu na mwenza mgeni, nao wamenuna.